Siku Tatu na Akina Mama wa Mkalama

Safari hii ilitokana na fomu iliyorudi karibu tupu. Ofisini kwetu Dodoma kazi yetu ni kupima vikundi vidogo vinavyotetea haki za wanawake, kuona vinavyojiendesha, kisha kuviimarisha kwa mafunzo. Kikundi kimoja cha wilaya ya Mkalama, mkoani Singida, kilikuwa kimejibu swali moja tu: jina la mwenyekiti. Mkuu wangu akaniambia, "Nenda kawaone. Ukikuta hakuna kitu, tuwatoe kwenye orodha."

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa ndani ya basi. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha, na kuanzia Manyoni watu walikuwa mashambani, wengine na majembe, wengine nyuma ya ng'ombe wa kulimia. Kando ya barabara wauza vitunguu na mafuta ya alizeti walikuwa wamepanga bidhaa zao. Nilitoa ile fomu, nikachukua penseli, na pembeni ya jina la kikundi nikaandika neno moja: dhaifu. Nilidhani napunguza kazi.

Singida Mjini nilishuka kabla ya saa sita, nikanywa chai, nikapanda Noah, gari dogo la abiria, kwenda Nduguti, makao makuu ya wilaya. Tuliacha lami, udongo ukawa mwekundu. Nduguti penyewe pana ofisi mpya za serikali na mabati yanayong'aa, lakini kikundi changu kilikuwa mbele zaidi, nusu saa kwa bodaboda.

Saa tisa alasiri nilipokelewa na mwenyekiti, Mama Neema, mjane wa makamo, mwembamba, mwenye sauti nzito.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Kwanza ule."

Nikala ugali wa mtama na mlenda, na kuku wa kienyeji ambaye hakika alichinjwa kwa ajili yangu. Kisha tukaingia kwenye chumba cha Zainabu, fundi cherehani na katibu wa kikundi. Wanawake tisa walikuwa wameketi kwenye mkeka. Nikafungua fomu.

"Mna katiba?"

"Ipo," alisema Mama Neema. "Alikuwa nayo katibu wa zamani. Aliolewa Itigi, akaenda nayo."

"Mihtasari ya vikao?"

Wakatazamana. "Tunakumbuka," alijibu mmoja.

"Mmesaidia wanawake wangapi tangu muanze?"

Hapo walizungumza kwa Kinyiramba kwa muda. Mwishowe Mama Neema akasema, "Idadi hatuna. Majina tunayo." Wakaanza kuyataja. Aliyerudishiwa watoto wake. Binti aliyeendelea na shule baada ya posa kukataliwa. Mke aliyesindikizwa polisi, akasubiriwa nje mpaka akatoka. Niliacha kuandika, nikasikiliza.

Hawajamaliza, akaingia mwanamke kijana, miguu imejaa tope. Alikuwa Rehema, mumewe alifariki mwaka uliopita. Alisema huku akitweta kwamba shemeji yake ameingiza ng'ombe wa kulimia kwenye shamba lake na anasema ni mali ya ukoo. Baraza la kijiji lingewasikiliza kesho yake asubuhi.

Niliona nyuso zao zikibadilika. Zainabu akanieleza sababu. Waliwahi kusimama na mjane mwingine kwenye shauri kama hilo. Siku ya pili ya usuluhishi ndugu wa mume waligeuza maneno, na akina mama hawakuwa na maandishi ya kuwabana. Yule mjane alirudi kwao na watoto watatu.

"Baada ya matanga ya mume wa Rehema, ukoo ulikaa?" niliuliza.

"Ulikaa," Mama Neema alisema. "Baba mdogo wa marehemu alitamka mbele ya watu: shamba libaki kwa Rehema na watoto. Mimi na Mama Shani huyu hapa tulikuwa tunapakua chakula. Tulisikia."

"Basi tuandike leo."

Zainabu aliomba karatasi. Nikampa fomu yangu aandike nyuma ya kurasa, na hapo ndipo alipoliona lile neno la penseli. Akalisoma mara mbili.

"Dada, umeandika hivi lini?"

Nilitamani kudanganya. "Kwenye basi."

"Kabla hujatuona?"

"Kabla."

Uso wangu ulikuwa wa moto. Mama Neema ndiye aliyeniokoa. "Mwache. Si uongo mtupu. Mimi nikiugua kesho, nani kati yenu anajua pa kuanzia? Tutafundishwa. Ila mwanangu, na hili la leo uliandike."

Tukaandika. Mama Shani alitaka kuongeza kwamba shemeji aliahidi pia kumjengea Rehema jiko, lakini Mama Neema hakulisikia hilo. Nikawaomba tuache lile ambalo hawana uhakika nalo wote wawili. Zainabu aliandika polepole, akawasomea, wakaweka sahihi. Mama Shani aliweka dole gumba.

Jumanne saa tatu tulikuwa ofisi ya kijiji. Shemeji hakuwa jitu la kutisha. Alikuwa mtu mwenye watoto sita na shamba dogo, na alizungumza kwa upole. "Ukoo haukuwahi kumpa mtu shamba hilo," alisema. "Tulimwachia alime kwa muda."

Zainabu akasimama. Alisoma maneno ya baba mdogo kama yalivyotamkwa. Mzee mwenyewe alikuwa ameketi upande wa shemeji. Aliinamisha kichwa, na wote tukamngoja. Kama angekana, kazi yetu ingekuwa bure.

"Maneno hayo ni yangu," alisema. "Nimezeeka, lakini sijayasahau."

Baraza likawapatanisha: shamba likabaki kwa Rehema, na shemeji akakubali kuwatoa ng'ombe siku ileile. Rehema hakupiga vigelegele. Aliketi chini pale nje, akalia, Zainabu akamshika bega.

Jumatano nilirudi Dodoma. Kwenye ripoti nilieleza mapungufu yote kwa wino: katiba haipo, kumbukumbu haziandikwi, kila kitu kinamtegemea mtu mmoja. Nikaeleza pia niliyoyaona, nikapendekeza wapewe mafunzo kabla ya wengine. Mkuu wangu alisoma, akauliza maswali mawili, akasaini. Kuanzia siku hiyo, nikifika kwenye kikundi nauliza kwanza kazi, karatasi zinafuata.

Lakini kuna jambo lililonigusa zaidi ya ripoti. Baba yangu alifariki nikiwa darasa la pili, na sisi hatukufukuzwa kwetu. Sikuwahi kujiuliza kwa nini. Jioni niliyorudi Dodoma nilimpigia mama simu, nikamuuliza nani alisimama naye wakati ule. Akanitajia wanawake wanne. Wawili wamefariki. Wawili wapo, na mmoja nimekuwa nikimpita sokoni miaka yote hii kwa salamu tu.

Jumamosi nilikwenda kumshukuru.