Halua ya mke mwenzangu

Leo nilikwenda kumcheka mke mwenzangu, nikarudi kimya.

Wapimaji wamekuja hapa Gando. Wanachukua damu ya wanene na ya wenye uzito wa kawaida, walinganishe vimeng'enya vya kwenye chembe nyekundu.

Daktari wao katuambia ni kama vibarua vidogo, huzilinda chembe zisichakae. Mtu akinenepa sana, kazi yao huweza kuharibika.

Nikamtazama Maua, mke mdogo, ambaye bwana haishi kumsifia mwili.
Moyoni nikasema, leo huo mwili utasemewa ukweli.

Akapanda mizani. Uzito wa kawaida.

Nikapanda mimi, nikashuka, nikaenda kukaa kando ya Maua.

Daktari akaniita: "Mama, rudi. Benchi lako hili la wanene."

Nikainuka, nikahamia.

Sasa mnijue. Bwana akimletea Maua halua, nami nadai yangu, kipimo kile kile. Mitala ni uadilifu, ati. Na yangu naila yote, nisionekane nimepunjwa.

Tukiondoka, Maua kaninong'oneza: "Dada, mie yangu huwapa watoto."

Maua hajazaa bado.
Watoto ni wangu.

Haya, chekeni.