Zamu ya Fekita kuambiwa

Saa mbili asubuhi Fekita Halafihi anazima gari mbele ya nyumba ya kwanza, anafunga mkeka wa kiunoni, vazi la heshima la hapa, juu ya sare yake nyeupe, kisha anavua viatu. Mfuko wa dawa anauacha garini.

"Dawa zitafuata," anasema. "Nikiingia na mfuko, watu wanautazama mfuko. Nataka wanitazame mimi."

Chumbani amelala Mzee Sunia, mwenye miaka themanini na miwili, ambaye hajala tangu Jumamosi. Sebuleni bintiye, Vasiti, anamimina chai na kumenya shelisheli la kuchoma. Fekita anamaliza kikombe kizima bila haraka. Ndipo anauliza swali analouliza katika kila nyumba: "Hapa nani anatakiwa kusikia kwanza?"

"Shangazi Ilaise," anajibu Vasiti. Wanamfuata ng'ambo ya barabara. Anakuja na fimbo yake, anaketishwa kwenye mkeka bora, na Fekita anamgeukia yeye peke yake.

"Shangazi, kaka yako ameacha kula kwa sababu mwili wake umemaliza kazi. Sidhani kama ataimaliza wiki hii. Msimlazimishe chakula. Mlowanisheni midomo, mwimbieni. Na walioko Auckland wapigieni simu leo, si kesho."

Bibi huyo anaegemea fimbo yake. "Na ule uji niliompikia?"

"Kunywa wewe, Shangazi. Wiki hii utahitaji nguvu."

Wanacheka wote watatu, machozi yakiwatoka.

Hiyo ndiyo kazi ya Fekita katika vijiji vya visiwa vya Vava'u, Tonga. Ana miaka hamsini na saba, na thelathini na miwili kati ya hiyo ameitumia katika uuguzi. Kwa sasa ana nyumba kumi na tisa za kuzungukia na gari moja ambalo mlango wake wa nyuma umefungwa kwa kamba. Mshahara wake ni pa'anga mia tisa kila wiki mbili, na sehemu yake, anakiri, huishia kwenye sukari na sabuni za wagonjwa.

Lile swali la nani asikie kwanza alijifunza kwa aibu. Mwaka wake wa tatu kazini alimwambia mke wa mgonjwa mmoja, wakiwa bustanini, kwamba mumewe hatapona. Hadi jioni kijiji kizima kilikuwa kinajua, isipokuwa dada wa yule bwana, ambaye habari aliikuta dukani alipokwenda kununua chumvi. Kwa mila za Tonga, dada ndiye mkubwa wa msiba. Ndiye anayekaa kichwani pa marehemu.

"Alinijia, hakunigombeza," Fekita anakumbuka. "Aliniuliza tu, 'Mwanangu, nilikukosea nini?' Afadhali angenichapa kofi."

Tangu siku hiyo, dada kwanza.

Sasa dada ni yeye. Wiki sita zilizopita kaka yake wa pekee, Lisiate, mwenye miaka sitini na mmoja, alirudishwa nyumbani kutoka hospitali kubwa ya Tongatapu, kisiwa kikuu, akiwa na kansa ya ini. Mganga hajigangi, wahenga walisema, na kwa Fekita mambo ni magumu zaidi ya hapo. Kwa mila, dada haingii chumba anacholala kaka yake, hamgusi mwili, wala hauulizii. Lisiate alihamia kibanda cha wavulana Fekita akiwa mdogo, na tangu hapo hawajawahi kulala chini ya paa moja.

Kwa hiyo anayemhudumia ni muuguzi mwenzake, Uaisele, ambaye Fekita mwenyewe alimfundisha kazi. Kila alasiri Fekita hukaa nje ya nyumba ya kaka yake akisuka mkeka wa majani ya mkadi na kusubiri kuambiwa. Hii ni siku ya nne Uaisele hajamwambia kitu.

Na Fekita ana neno lake. Lisiate aliacha shule akiwa na miaka kumi na saba, akashika jembe, akalima viazi vikuu na vanila hadi dada yake akamaliza chuo cha uuguzi. Fekita hajawahi kumshukuru.

"Baina ya dada na kaka kuna heshima, maneno mengine hayatoki kirahisi," anasema. "Kila mwaka nilisema mwakani. Sasa nataka tu kujua nimebakiwa na muda gani."

Saa tisa alasiri pikipiki inasikika ikizimwa nyuma ya nyumba. Nusu saa baadaye Uaisele, bwana mnene wa miaka arobaini na minne na mwimbaji wa sauti ya nne kanisani, anaonekana akitokea mlango wa uani, viatu mkononi.

"Uaisele!"

"Naam, Mama Fekita. Nilikuwa… napita."

"Unapitia bandani kwa nguruwe? Nao wanaumwa?"

Anakuja pole pole. "Hali yake si mbaya sana, Mama. Tunaendelea kumwangalia."

"Tunaendelea kumwangalia," Fekita anarudia. "Maneno hayo nilikukataza lini?"

"Mwaka wa kwanza, Mama."

"Basi kaa chini."

Uaisele anakaa mkekani, anavua kofia. "Nimewaambia watu wengi sana. Wewe ndiye uliyenishinda. Kila neno utalijua kabla sijalisema."

"Liseme hivyo hivyo. Nimejiambia mwenyewe mara mia, halinisaidii."

Anavuta pumzi. "Mama Fekita, kaka yako anakufa. Ini limekwisha. Kesho au kesho kutwa usingizi utaanza kumchukua, na ukishamchukua hatakujibu tena. Kama una neno lako, usililaze."

Fekita anaweka chini majani yake ya mkadi na kulia kwa sauti, kama mtu mwingine yeyote. Uaisele hasemi pole wala hanyanyuki. Anabaki pale pale mpaka kilio kinapungua.

"Umesema vizuri," Fekita anamwambia hatimaye, akijifuta kwa upindo wa sketi. Kisha anapaza sauti kuelekea mlangoni. "Wifi! Kitanda chake kinaweza kusogezwa dirishani?"

Telesia, mke wa Lisiate, anachungulia. Macho yake mekundu. Naye amekuwa akingoja mtu aseme. "Wifi, hata ungetaka ukuta, tungeubomoa."

Ndani kunasikika miguu ya kitanda ikikwaruza sakafu, Uaisele akihema, na sauti nyembamba ya mwanamume ikilalamika: "Mnanipeleka wapi? Sijafa bado!"

"Dada yako yuko nje," Telesia anamwambia.

Malalamiko yanakoma. Vipande vya kioo vya dirisha vinafunguliwa kimoja kimoja, pazia linaachwa lilivyo, wasionane. Fekita anasogeza mkeka wake na kuegemeza mgongo ukutani, chini ya dirisha.

"Fekita?"

"Kaka."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Telesia, mpe kiazi kikuu. Kile kikubwa, usimpe vile vya watoto."

"Kaka, nataka kukushukuru. Kwa ajili ya shule."

Telesia anatoa kichwa mlangoni kuashiria kwamba mumewe amesikia.

"Shule ipi?"

"Yangu. Uliacha ya kwako."

"Aah." Anakohoa, anapumzika, anaanza tena. "Dada, mimi nilikuwa wa mwisho darasani. Mwalimu alinichapa kila Jumatatu. Wewe ulipoonyesha akili ndipo nikapata kisingizio cha kukimbia. Miaka yote hii naogopa utakuja kugundua."

Fekita anacheka hadi anashika mbavu. Uaisele naye anacheka kule ndani. Lisiate anasubiri watulie.

"Lakini ulipokuwa unapita barabarani na sare yako," anasema kwa sauti ya chini, "nilikuwa naacha jembe nakutazama mpaka unapotea. Kila siku. Hukujua hilo."

Fekita hakulijua. Anafunika uso kwa mikono yote miwili.

Jua linapoinama anakunja majani yake ya mkadi. Ameshapiga simu kazini kuomba likizo ya wiki mbili. Wagonjwa wake wote kumi na tisa, akiwamo Mzee Sunia, watapitiwa na Uaisele. Siku ikifika, Fekita ataketi kichwani pa kaka yake mbele ya ukoo mzima.

"Pale sitaki kukaa na neno lililobaki moyoni," anasema. "Kesho niko hapa alfajiri, kabla usingizi haujamwahi. Nina mawili ya kumwambia. La kwanza, kwamba hicho kisingizio chake nilikijua siku nyingi. Yule mwalimu alinifundisha na mimi, na viboko vya Lisiate alivisimulia kama hadithi. Lakini miaka ile ya jembe haikuwa kisingizio, na hilo nalo nilijua."

Na la pili?

Fekita anavaa viatu, anatazama dirisha lililo wazi.

"La pili si la gazeti."