Makofi ya Chanya

Jina alilopewa na wazazi wake lilikwisha kusahaulika. Mtaa mzima ulimwita Bi Pasi. Alikuwa dobi tangu usichana wake. Pasi yake ya mkaa ikishawaka haina msalie mtume, na mwenyewe hali kadhalika. Mume alimfia mapema, akamlea mwanawe wa pekee mpaka akaoa, na yote hayo aliyamudu kwa maji ya kisima cha chini. Kwa hiyo watafiti wa chuo kikuu walipokuja na vichupa vyao kuchota maji ya kupima, aliwapisha kwenye foleni na kamba akawaazima.

"Tutawaletea majibu, bibi," walimwambia.

Majibu hayakuja. Mvua zilikuja, zikaenda, na mjukuu wake akaharisha mpaka macho yakaingia ndani. Alilazwa, akarudi mifupa mitupu. Bi Pasi alilaumu meno, akalaumu maziwa, akamlaumu na mkwewe kwa uchafu, binti wa watu. Maji hakuyalaumu.

Mwaka uliofuata ndipo watu wakaitwa katika ukumbi wa shule kuelezwa matokeo ya utafiti. Mtafiti mkuu alisimama mbele, kola ya shati lake imepigwa pasi upande mmoja tu, jambo ambalo Bi Pasi aliliona kabla hajamsikia. Alieleza mengi ya kitaalamu, watu wakapiga miayo. Kisha akasema, "Sampuli za kisima cha chini zilitoa matokeo chanya."

Chanya! Neno hilo kila mtu analijua kutoka redioni: mtazamo chanya, mabadiliko chanya. Bi Pasi ndiye aliyeanza kupiga makofi. Ukumbi ukaitika, na vigelegele juu. Mtafiti akatabasamu, akashukuru, akaendelea na michoro yake ukutani.

"Bi Pasi, kisima chako kimefaulu kutupita sisi!" alimtania fundi bomba, jirani yake.

"Sisi, wewe na nani? Mimi shule ya msingi niliimaliza. Wewe ilikumaliza."

Baadaye binti mmoja wa chuo alipita akigawa soda. Bi Pasi akapokea yake, akauliza, kwa kutaka tu kusikia tena lile jambo jema, "Kwa hiyo, mwanangu, tuendelee kunywa bila wasiwasi?"

Binti akashtuka. "Hapana, bibi! Chanya maana yake vijidudu vya kinyesi vimeonekana. Tena vingi."

Bi Pasi akaitua soda chini. Viganja vilikuwa vingali vya moto kwa makofi. Alikwenda moja kwa moja mbele, akakitwaa kipaza sauti mkononi mwa mtafiti.

"Baba, tumeshangilia kinyesi hapa. Umetuona. Mbona hukutuzuia?"

"Bibi, nilidhani mmefurahia utafiti..."

"Mlijua lini?"

"Tulichapisha mwaka jana, kabla ya mvua. Katika jarida la..."

"Jarida hilo linauzwa duka gani? Hapo kwa muuza mkaa?" Watu wakacheka, ila yeye hakucheka. "Kabla ya mvua! Mjukuu wangu ameyanywa mvua nzima, na ninyi mnajua! Kamba ya kuchotea niliwapa mimi. Kuja kusema 'msinywe' kulihitaji jarida?"

"Kitaalamu, bibi, kiwango cha..."

"Kitaalamu kaa nacho. Una mama?"

"Ninaye."

"Basi tuambie kama ungemwambia yeye."

Mtafiti akavua miwani. "Mama," akasema, "maji ya kisima cha chini yana kinyesi. Msinywe. Mkikosa mengine, yachemsheni mpaka yatokote."

"Ndiyo hayo tu? Yamekushinda mwaka mzima?"

Hakungoja jibu. Alitoka mbio mbio, kanga ikimporomoka, maana habari ya vigelegele hutangulia mwenye navyo nyumbani. Uani alimkuta mkwewe ameshika kikombe, mtoto amekwisha kufungua mdomo.

"Mama, nimesikia kisima chetu kimesifiwa na..."

Bi Pasi alikipiga kikombe kikaruka. Mtoto akaangua kilio. Akaipindua na ndoo, maji yakatambaa hadi chini ya meza ya kupigia pasi.

"Kisima kina kinyesi," alisema akihema. "Na wewe, mwanangu, hukuwa mchafu hata siku moja. Koka moto."