Njiwa Asiye na Pete

Alwin Grabosch alishuka mgodini akiwa na miaka kumi na minne, mwaka uleule machimbo ya makaa ya Ruhr, Ujerumani, yalipommeza baba yake. Siku ya mazishi, serikali haikuonekana wala mwenye mgodi. Waliokuja ni wachimbaji wa Chama cha Kikomunisti, na mkate kwapani. Alwin hakuwasahau. Alipokuwa mtu mzima akawa mwenzao, na Wanazi walipotwaa nchi na kukipiga marufuku Chama, wengine walichoma kadi zao jikoni. Yeye aliendelea, kimyakimya.

Alikuwa amemwoa Tine, wakaishi na baba mkwe, Mzee Wenzel, ambaye macho yalishamzimika ila masikio yalikuwa makali. Nyuma ya nyumba mzee alikuwa na banda la njiwa, aliowaita kwa kutikisa kopo la njegere. Kila njiwa wa mashindano huvishwa pete mguuni, lakini Alwin alimwacha jike mmoja wa kijivu bila pete, asijulikane ni wa nani. Huyo ndiye aliyempa Lambert, mwenzake aliyekuwa akivusha karatasi za Chama kutoka Uholanzi. Mapatano yalikuwa haya: Lambert akivuka salama, amwachilie njiwa arudi bandani Jumamosi kabla jua halijazama.

Jumamosi jua likazama. Njiwa hakuja.

"Jike wa kijivu yuko wapi?" mzee aliuliza mezani, akipapasa kiazi. "Simsikii."

"Nimemwazima mtu, baba."

"Umeazima njiwa wangu? Iko siku utaazima na binti yangu!"

Tine alicheka. Alwin alitazama sahani yake. Chama kilikuwa na sheria moja: usimwambie mtu, hata unayekula naye chungu kimoja. Usiku ule alimnong'oneza Tine jambo moja tu: kesho banda lifungwe, na mtu yeyote asiwaite njiwa.

Asubuhi ya Jumapili watu wanne wageni, wenye kofia, walisimama mtaani. Kengele za kanisa zililia, wasichana wakapita na magauni yao mazuri, na wale watu hawakuwageukia hata kidogo. Walikuwa wanatazama angani. Hapo Alwin akajua kwamba hao ni polisi wa siri, kwamba Lambert ameshikwa, na kwamba njiwa ataachiliwa leo na mikono mingine, ili awaonyeshe banda lake.

Kukimbia? Mtu anayekimbia mbele ya jozi nne za macho amejitaja mwenyewe. Akatoa kiti nje, akakaa akipiga viatu rangi. Tumaini lake lilikuwa dogo: njiwa aliyechoka, akikuta kwao kumefungwa na hakuna anayemwita, hutua popote, hata juu ya paa la shule.

Mmoja wa wale akasogea. "Hali njema ya kurusha njiwa leo, au siyo?"

"Wangu wanaharisha," Alwin alisema. "Ukitaka kusimama chini yao, kofia ni yako."

Yule mtu alitabasamu bila kuonyesha meno.

Kisha akaja. Nukta ya kijivu juu ya mabomba ya moshi. Akazunguka mara moja, akazunguka tena, mabawa mazito. Wale wanne wakanyanyua shingo kwa pamoja. Alwin aliendelea kusugua kiatu kilichokwisha kung'aa. Nenda shule, mama. Nenda shule. Njiwa akaelekea paa la shule, akashusha miguu.

Nyuma ya nyumba, kopo la njegere kavu likalia. Chaka-chaka-chaka.

"Njoo, binti yangu, njooo!" Sauti ya Mzee Wenzel ilijaa furaha. "Tine! Ni wetu huyo, nayajua mabawa yake! Nani kafunga banda, jamani?"

Tine alitoka jikoni mbio, mikono ina unga. Alikuwa amechelewa. Njiwa alikuwa amekwisha kukata kona, akashuka moja kwa moja kwenye kiganja cha mzee.

Alwin aliweka kiatu chini, akakipanga sawasawa na mwenzake. Walipomshika mabega hakupiga kelele. Hakutaka mzee asikie.

Hakurudi. Lakini mtaani hakuna mwingine aliyekuja kuchukuliwa, na kwa hilo watu walijua kwamba hakutaja jina hata moja.

Mzee Wenzel aliambiwa mkwe wake amechongewa kwa polisi na majirani. Mpaka anakufa alikuwa akijisifu kwa kila mgeni: "Yule jike wa kijivu! Alichelewa siku nzima, lakini nilimwita mara moja tu, akaja." Tine alikuwa akimwongezea supu, asiseme neno.