Leo Nilikaa Kupumzika

Basi nikakaa, wenzangu.
Mchana kweupe, mlangoni, miguu nimeinyoosha, jembe nimeliacha kibanjani, kwenye migomba yangu.

Si yule bwana mganga wa dispensari ya Kamachumu alisema nisipopumzika nitaanguka? Yeye hana migomba, lakini haya, nikakaa.

Mara huyo jirani yangu, Ma Koku.
"Waitu, mwenzetu, nani amekufa?"
"Hajafa mtu. Napumzika."
"Mchana? Unaumwa, unatuficha!"

Akaenda kutangaza.

Wakaja wanawake wote wa kijijini, ndizi kichwani, kumwona mgonjwa.
Sasa mgeni utamwacha hivi hivi, hata kahawa ya kutafuna usimpe?
Nikainuka. Nikateka maji, nikamenya zile zile ndizi zao, nikapika, nikaosha vyungu.
Wakala, wakanipa pole ya ugonjwa, wakaondoka.

Mgongo sasa haunyooki.
Kesho narudi kulima. Huko angalau hanifuati mtu.

Nyie wa Izigo mtakaosomewa barua hii, kuna aliyewahi kupumzika? Alijificha wapi? Nijibuni, maana mimi sioni pa kwenda.

Ngoja, mjukuu wangu, acha kuandika. Kuna mtu anaita nje.
"Hodi! Mgonjwa yuko wapi?"

Nakuja, waitu. Kaa, nikuwekee ndizi motoni.