Majina ya Chuo cha Mlimani

Rafiki yangu, wiki jana nilipeleka simenti Arua Hill, kilima cha hapa mjini Arua, kwenye lile jengo la chuo cha walimu cha zamani. Madereva ninao wawili, na malori matatu, ila siku hiyo nilishika usukani mwenyewe, kwa sababu shangazi alikaa kando yangu na kitenge chake cha sikukuu. Chuo kinarudi. Redio ilitangaza kwamba waliosoma pale kabla ya vita waje, watapewa vyeti upya.

Jengo lile limeona wenyewe wengi. Kwanza walimu na kengele yao. Halafu wanajeshi, wakafuga mbuzi ndani ya darasa la sayansi. Serikali ikaanguka, tukakimbilia Congo, na tuliporudi nyumba yetu ya kijijini Midia ilikuwa majivu. Tukapewa pa kulala pale chuoni, kila familia chumba chake. Nyanya yangu akapata maktaba. Mihogo ilikauka juu ya rafu za vitabu, moshi ukapaka dari rangi nyeusi, na harufu ya ufuta ikatuamsha kila asubuhi. Baadaye jengo likawa ghala la chakula, kisha nyumba ya popo.

Biashara yangu ilianzia humo maktaba, nikiwa mtoto. Sikumaliza darasa la tatu, lakini sokoni hakuna aliyenipita akili, uliza yeyote. Nyanya alikaanga karanga, mimi nikazifunga kwa karatasi za vitabu. Yeye hakujua kusoma, ila alikuwa na sheria yake: “Kitabu ya Mungu usipasue. Na yenye iko na picha ya mutu, usipasue.” Basi nikachagua kikubwa kimoja kisicho na picha, kimeandikwa kwa mkono tangu mwanzo hadi mwisho. Karatasi yake nene, mafuta hayapenyi. Wateja walikuja mbio.

Siku moja akaja mwalimu wa chuo, naye ametoka Congo, viatu amefunga kwa kamba. Alinunua karanga, akazimwaga kwenye sinia langu, akanyoosha karatasi juu ya goti.

“Wewe mutoto, hii umetoa wapi?”

“Mwalimu, unakula karanga ao karatasi?” Wanawake wa soko wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Hakucheka. Akanunua zote zilizobaki, karanga akaniachia. “Iko majina ya wanafunzi yangu,” alisema. “Cheti zao zilipotea njiani. Bila hii kitabu, nani atajua walisoma?”

Nikaogopa kunyang'anywa biashara. Nikamwambia nimeokota barabarani. Nyanya aliposikia habari, alinivuta sikio hadi maktaba, lakini kilichobaki kilikuwa jalada tu. Akaniambia nifunge mdomo.

Waliokuwa kwenye zile karatasi za mwalimu walipata kazi ya kufundisha. Shangazi alirudi kutoka Congo baada yetu, naye alikuwa amesoma pale chuoni miaka miwili kabla ya vita. Jina lake halikuwamo. Tangu hapo analima mihogo Lobule, na jioni anafundisha watoto wa majirani kusoma, bure.

Wiki jana karani, kijana mdogo, alipitisha kidole kwenye orodha iliyonakiliwa kutoka karatasi za mwalimu. “Mama, jina yako haiko.”

“Nilikaa dirisha ya pili,” shangazi alisema. “Mwalimu ya hesabu alikuwa ananiita Mama Maswali.”

“Dirisha haitoi cheti, mama.”

Nikapandwa na hasira. Unajua mimi ni nani? Simenti ya nani hii unayotaka kujengea? Kijana akanitazama kwa upole, jambo lililoniudhi zaidi. “Mzee, hata ukileta mlima ya simenti, mimi sina mahali ya kutoa jina.”

Shangazi akanishika mkono. Mikono yake imekuwa migumu kama mpini wa jembe. “Wacha kelele, mutoto yangu. Si ni wanajeshi walichoma kile kitabu ya majina?”

Mwalimu amekufa. Nyanya amekufa. Wa kumjibu nilikuwa mimi peke yangu, mwenye mdomo mkubwa kuliko wote Arua.

“Ndiyo, shangazi,” nikasema. “Ni wanajeshi.”