Siku Chombo Kilipokwama Nyuma ya Mwezi

Siku yangu ya kwanza kazini Mkurugenzi wa jumba la sayansi alinikabidhi kiti, maikrofoni na onyo. Alikuwa mama wa Kizulu, mwenye sauti ya chini iliyokulazimisha umsogelee ndipo umsikie.

"Papa Kasongo," aliniambia, "watu wanaoingia mle ndani wanajua vizuri kwamba hawaendi popote. Kazi yako ni kuwasahaulisha."

"Mle ndani" palikuwa kwenye chombo cha mwezi. Kilikuwa mfano wa vile vyombo vya zamani vilivyowapeleka wanadamu kuuzunguka mwezi. Umbo lake lilikuwa kama faneli iliyofunikwa kifudifudi, na kilikuwa na viti vitatu vilivyobanana na mlango mmoja wa mviringo. Kilisimama juu ya miguu mitatu ya haidroliki, yaani miguu inayorefuka na kufupika kwa nguvu ya mafuta yaliyoshindiliwa ndani yake. Miguu hiyo ilipocheza, abiria walitikisika, wakainamishwa, wakalazwa chali, na dirisha ambalo kwa kweli ni skrini likawaonyesha nyota.

Huo ulikuwa mwaka 2015, hapa Johannesburg. Sikuwa kijana. Miaka yangu ya nguvu niliimaliza Lubumbashi, kwenye mnara wa uwanja wa ndege, nikiongea na marubani kwa redio. Nilipomfuata binti yangu huku, nililinda mlango wa ghorofa moja mtaani Hillbrow kwa muda, mpaka mtu wa kanisani kwetu aliponiambia kwamba jumba la sayansi linatafuta mtu anayejua kuongea kwenye redio bila kupayuka.

Ninyi vijana mnaoingia kazi hii leo mnakuta sauti zimekwisha kurekodiwa. Sisi tulisema kwa midomo yetu. Cheo changu kiliitwa msemaji wa kituo. Katika safari za kweli, huku duniani wanakuwapo wataalamu chumba kizima, lakini anayeongea na walioko angani ni mmoja tu, ili wasivurugwe na sauti nyingi. Basi mimi nilikuwa huyo mmoja.

Nilijifunza haraka kwamba watu huogopa kidogo mlango ukifungwa, na dawa ya woga mdogo ni kicheko. Niliwasimulia habari za wale wanaume watatu wa kwanza kuuzunguka mwezi: jinsi mmoja alivyotapika njiani, na kwa kuwa kule vitu havianguki, matapishi yakaelea chomboni kama mapovu ya sabuni, wenzake wakayakimbiza kwa karatasi za kufutia. Na kwamba baada ya kwenda mwezini na kurudi salama, walitua baharini chombo kikapinduka, wakaning'inia kwenye mikanda kichwa chini, wakichafukwa na tumbo kwa mawimbi. Watoto walicheka mpaka wakapaliwa.

Kisha tulifika nyuma ya mwezi, nami nikazima maikrofoni. Mawimbi ya redio huenda moja kwa moja, hayapindi kona. Chombo kikipita upande wa pili, mwezi wenyewe ni ukuta. Wale watatu walikaa huko hawamsikii yeyote, na duniani hakuna aliyejua kama wako hai. Taa zilipungua, nami nilinyamaza. Halafu dunia yetu ilichomoza dirishani, ya samawati, ndogo, na hapo hata wanaume wazima waliguna.

Mwezi wangu wa kwanza mgeni mmoja alilalamika kuhusu lafudhi yangu. Alitaka sauti ya Kimarekani. Msimamizi wa Ukumbi, Bi Nomvula, alikuja kunisimulia huku bado ana hasira.

"Nimemwambia, eish, baba, huko juu hakuna Marekani. Huko watu wote ni wageni."

Baadaye nilipangiwa shule za Soweto, kupeleka masomo darasani kwa mpira wa kikapu na mpira mdogo wa tenisi. Mkubwa ni dunia, mdogo ni mwezi. Niliwaomba watoto waiweke mipira kwa umbali wanaodhani, nao waliisogeza pamoja kama nyanya mezani pa spaza, vile viduka vya mtaani. Nilichukua ule mdogo, nikatembea nao mpaka mlangoni pa darasa, nikageuka kuwaonyesha kwamba mwezi uko mbali hivyo. Kimya kilichofuata nilikipenda kuliko makofi. Halafu swali la kwanza lilikuwa lile lile kila shule: huko juu wanajisaidiaje? Niliwaambia ukweli, kwamba walibandika mfuko mwilini kwa gundi. Somo liliishia hapo; kwa vicheko, hakuna aliyesikia kengele.

Niliporudi kwenye chombo ndipo siku ninayotaka kuwasimulia ilipotufikia.

Ilikuwa Jumapili mchana, na watu wa kanisa wamejaa. Katika zamu moja waliingia watatu. Mmoja alikuwa Mama Mwamini, mfanyabiashara wa vitenge pale Hillbrow, mzaliwa wa Uvira. Alikuwa na mjukuu wake Gloria, msichana aliyeelewa Kiswahili lakini akijibu kwa Kiingereza. Kiti cha tatu alikikalia Bwana Mutiso, Mkenya wa benki, mrefu, aliyevaa suti ya ibada. Mizigo yote iliachwa nje kama kanuni ilivyotaka, maana pochi ikiangukia mgongoni mwa mtu wakati chombo kimeinama huumiza.

Tulifika nyuma ya mwezi. Nilikuwa nimezima maikrofoni. Chombo kilikuwa kimeinamia upande wa mlango, ndipo umeme ulipokatika mji mzima.

Katika siku zile za kukatiwa umeme kwa zamu tulizoea, na jenereta ilikuwa ikidakia kabla mgeni hajang'amua. Safari hii iliunguruma, ikakohoa, ikafa. Ukumbi ukawa giza. Fundi Mkuu, Mreno wa mtaa wa Rosettenville aliyejenga miguu ile kwa mikono yake, alikuja mbio na tochi. Akaimulika miguu, akaumulika mlango, akashika kiuno.

"Hautafunguka," alisema. "Mlango umeegemea jukwaa la kupandia. Lazima nishushe miguu kwanza, nimwage mafuta kidogo kidogo, huku na huku. Nikikosea upande mmoja, kinapinduka."

"Itachukua muda gani?"

"Muda mrefu. Na hao walioko ndani wasicheze hata kidogo."

Ndani hawakujua lolote. Walidhani giza ni sehemu ya onyesho. Nilichukua redio ya mkononi, ambayo betri yake haikutegemea umeme, na pacha wake ilikuwa ndani ya chombo, nikakumbuka Mkuu wa Mnara wetu kule Lubumbashi. Siku rubani mmoja alipopotelea kwenye mawingu na kuanza kulia, mzee yule alininyang'anya maikrofoni, na ndege ilipotua akaniambia, "Mtu mwenye hofu usimpe hotuba. Mwambie ukweli mfupi, kisha ipe mikono yake kazi."

Nikasema, "Chombo, huku kituo. Umeme umekatika. Hamko katika hatari, lakini mlango haufunguki mpaka tukinyooshe chombo. Tulieni vitini."

Jibu likaja kwa ngumi mlangoni.

"Mzee, fungua hii mlango!" alipiga kelele Bwana Mutiso. "Mimi siwezi kukaa ndani hapa! Fungua sasa hivi!"

Chombo kizima kilitikisika. Fundi Mkuu, aliyekuwa amelala chini ya mguu mmoja na spana mkononi, alitukana kwa Kireno na kujivuta nje.

"Mwambie atulie au ataniua!"

Kabla sijasema, Mama Mwamini alishika redio ya ndani. "Papa, unanisikia? Mtoto anapumua mubaya. Ana pumu. Dawa yake iko kwa sakoshi yangu, huko inje."

Nilisikia nyuma ya sauti yake ule mluzi mwembamba wa kifua kinachobana. Feni ya hewa ilikuwa imezimika pamoja na umeme. Bi Nomvula alikuwa ameshalikimbilia kabati la mizigo kuitafuta pochi hiyo. Alirudi na inhela, kile kichupa cha dawa cha kuvuta mdomoni, amekishika kama yai. Tulikuwa na dawa mkononi na mtoto yuko hatua moja mbele yetu, ng'ambo ya bati.

"Bomba la hewa," alisema Fundi Mkuu. Lilikuwa likiingia chini ya kiti cha tatu, tundu lake pana kama ngumi. Alilichomoa kwa nguvu, akaingiza mkono. "Kuna wavu kwa ndani. Umefungwa kwa skrubu. Huku siwezi kuufikia."

Kiti cha tatu kilikuwa cha Bwana Mutiso.

"Bwana Mutiso," nikasema, "sikiliza sauti yangu. Nahitaji mikono yako."

"Nitakufa hapa!"

"Chini ya kiti chako kuna wavu wa chuma. Nyuma yake kuna dawa ya huyu mtoto. Wewe peke yako ndiye unayeweza kuufikia. Una kitu chochote chembamba cha chuma?"

Mluzi wa kifua cha Gloria ulisikika, ukakatika, ukasikika tena.

"Niko na funguo za gari," alisema hatimaye. Sauti ilimtetemeka, lakini hakupiga tena.

"Zinatosha. Inama polepole. Umeugusa wavu?"

"Nimeugusa."

"Skrubu ya kwanza, zungusha kushoto. Niambie ikianza kulegea."

Tuliendelea hivyo, skrubu baada ya skrubu. Funguo ziliteleza, zikamkata kidole, akalaani kwa Kikamba. Mama Mwamini alikuwa akimwimbia mjukuu wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini sana, na kati ya mistari akimwambia, "Vuta hewa, bebe. Acha hewa. Vuta tena." Nilitaka kuongea zaidi, nikajizuia. Maneno mengi nayo hula hewa.

"Ya mwisho imekataa!" alisema Mutiso. "Imeshika kutu!"

"Upinde wavu. Tumia mkono mzima."

Tulisikia chuma kikilia. Chombo kikayumba, mguu mmoja ukazama ghafla kidogo, na Bi Nomvula akafumba macho. Fundi Mkuu aliukumbatia ule mguu kama mtu anayezuia ng'ombe. Ukatulia. Kisha, kutoka kwenye tundu la bomba, vikatokea vidole viwili virefu vyenye damu.

"Leta," alisema Mutiso.

Bi Nomvula alimpa dawa mkononi. Tukasikia mpulizo wa kwanza, na wa pili. Tukangoja. Nadhani sijawahi kungoja hivyo hata kule mnarani. Mluzi ulipungua taratibu, kisha sauti ndogo ikasema redioni kwa Kiswahili, bila kulazimishwa na mtu, "Babu, tunarudi lini duniani?"

Nikakaa sakafuni. "Sasa hivi, mama," nikamwambia. "Tumeshaanza kugeuka."

Fundi Mkuu alimaliza kazi yake kwa uangalifu wa mtu anayemlaza mtoto. Mlango ulipofunguka, Gloria alitoka wa kwanza, akapelekwa hospitali kuangaliwa, na jioni hiyo hiyo akarudi nyumbani. Bwana Mutiso alitoka wa mwisho, suti imechanika begani. Aliwatazama watu waliokusanyika, akaona haya.

"Samahani kwa hizo kelele, Mzee," aliniambia.

Mama Mwamini ndiye aliyemjibu. "Weye ulipiga kelele, ndiyo. Lakini mikono yako ilinyamaza, ikafanya kazi. Aksanti, mwanangu."

Mkurugenzi alifunga chombo kwa muda. Jukwaa lilikatwa upande wa mlango, mlango wa pili ukatobolewa, na kanuni ya mizigo ikabadilishwa: dawa huingia na mwenyewe. Kanisani, Mama Mwamini alisimama wakati wa ushuhuda akasema Mungu amemrudisha kutoka nyuma ya mwezi. Watu walicheka wakidhani ni mfano wa mahubiri. Mchungaji akaniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli, mimi nilikuwa redioni.

Nilistaafu mwaka 2019. Wazee huulizwa kazi iliwafundisha nini, nami sina jibu la kutundikwa ukutani. Najua kwamba nilizisimulia safari zile mara nyingi kupita kiasi na hazikunichosha. Wanadamu waliotapika, waliogombania karatasi za kufutia, ndio hao hao waliopita mahali ambapo hakuna sauti ya mtu inayofika, wakatoka upande wa pili. Ningekuwa nimesimuliwa habari za malaika, nisingestaajabu hivyo.

Siku ya mwisho Bi Nomvula alikalia kiti changu na kuniamuru niingie chomboni. Miaka yote ile sikuwahi kuuzunguka mwezi. Anayeongoza hubaki chini. Niliingia peke yangu, nikafunga mkanda. Tulipofika nyuma, taa zilipungua na maikrofoni ikazimwa. Urefu wa kimya kile niliupanga mwenyewe, nilikijua kama ninavyoijua nyumba yangu, na bado mikono yangu ilitafuta kitu cha kushika. Kisha dunia ikachomoza.

"Chombo, huku kituo," alisema Bi Nomvula, kwa Kiswahili alichojifunza kwangu. "Habari ya huko?"

Nilimsikia vizuri, sikujibu.

"Chombo? Papa Kasongo? Eish, jibu basi!" Nikasikia kiti kikisukumwa nyuma na miguu ikija mbio.

Nikabonyeza kitufe haraka. "Usifungue," nikamwambia. "Bado natazama."